Vitenzi Vyenye Mikia

Kwa miaka ishirini na mitatu Dobi Mkuu hakuwahi kuharibu hata foronya ya mtu, mpaka asubuhi alipoharibu makoti arobaini ya madaktari kwa sababu ya maneno mawili ya Kiingereza.

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wenzake katika kiwanda cha kufulia, alipofanywa msimamizi wa zamu ya asubuhi, nalo likamganda kama gundi hata mumewe, enzi za uhai wake, akawa anamwita hivyo mezani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mpana wa mabega, mikono imekauka kwa dawa za kuondolea madoa, na miguu iliyoanza kuvimba kila siku ifikapo saa nne. Kiwanda chenyewe kilikuwa jengo refu la bati nyuma ya barabara ya malori. Ndani mlikuwa na mashine sita za kufulia zenye milango ya kioo, mbili za kukaushia, roli kubwa la kupigia pasi mashuka, na meza ndefu ya kukunjia. Nguo zililetwa kutoka hospitalini na hotelini zikiwa zimefungwa mafurushi, zikarudi zikiwa zimepangwa kama vitabu.

Wenye mali wapya walikuwa wamekinunua kiwanda mwanzoni mwa mwaka, wakaleta meneja wao. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, ambaye Kiswahili chake kilianzia kwenye salamu na kuishia hapo hapo. Alichotaka kusema alikiandika kwenye karatasi, akakibandika. Kisha karani alikuwa akipita na kutafsiri.

Asubuhi hiyo karani alichelewa. Karatasi ilikuwa kwenye mashine ya tatu: "Please look after machine three." Dobi Mkuu aliisoma mara mbili akiwa ameshika kiuno. "Look" alilijua, ni angalia. "After" alilijua pia, ni baadaye. Basi mashine ya tatu iangaliwe baadaye. Akaona ni jambo la maana, kwa kuwa mashine ile ilikuwa na koki ya maji ya moto iliyoanza kuleta ukorofi, na labda fundi angekuja mchana. Akaipakia makoti, akafunga mlango, akaiacha, akaenda zake kwenye mashine ya kwanza.

Aliporudi, kioo kilikuwa kimefunikwa na mvuke. Makoti yalikuwa meupe yenye kola za kijani. Yalipotoka, kola zilikuwa zimechuja, weupe wote umegeuka rangi ya maji ya dimbwi, na mikono ya makoti imesinyaa kiasi cha kumtosha mtoto wa darasa la nne.

Ofisini meneja aliongea taratibu, macho yake yako kwenye koti moja lililolazwa juu ya meza. Karani akatafsiri.

"Anasema 'look after' maana yake ni tunza. Kaa nayo, isimamie. Anasema hajakasirika."

"Ndiyo."

"Anasema wasimamizi wote watapimwa Kiingereza baada ya miezi miwili. Atakayeshindwa atarudi kwenye meza ya kukunjia." Karani akasita, akashusha sauti. "Na mimi, mama, mwisho wa mwezi naondoka. Nimepata kazi kwingine. Kwa hiyo usinitegemee."

"Mwambie nimesikia," alisema Dobi Mkuu.

Siku hiyo alirudi nyumbani akijihisi kama nguo iliyokamuliwa. Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja tu, wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha Kiingereza miaka thelathini na tano kabla ya kustaafu. Alikuja kwenye msiba wa kaka yake na sanduku moja, magoti yakamlemea, na miaka minne baadaye sanduku bado lilikuwa chini ya kitanda cha chumba cha nyuma. Wifi hawa wawili waliishi kwa adabu kama abiria waliokaa kiti kimoja. Habari za asubuhi, chai hii hapa, maji ya kuoga tayari. Mwalimu hakuwahi kumpenda. Siku ya harusi alisema, na akahakikisha anasikika, kwamba kaka yake ameoa mikono, kichwa amekisahau.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Dobi Mkuu alipeleka beseni la maji ya uvuguvugu chumba cha nyuma, kama alivyofanya kila jioni, akaanza kumkanda wifi yake magoti, na bila kuinua uso akamsimulia habari za makoti.

Mwalimu hakucheka. Aliuliza, "Una daftari?"

"Nitanunua."

"La mistari. Na kalamu mbili. Na usije hapa ukaniambia umechoka, wifi. Umechoka, na mimi magoti yamechoka. Tutasoma hivyo hivyo."

Wakaanza Jumamosi mchana. Mwalimu alikaa kitandani, miguu juu ya mto, Dobi Mkuu akakaa kwenye kigoda kama mtoto wa shule, miwani ya marehemu mumewe puani kwa kuwa yake ilikatika mguu. Somo la kwanza lilimchanganya. "Take" ni chukua. Sawa. "Take off" ni kuvua nguo. Pia ni ndege kupaa. Pia ni mtu kuondoka haraka. "Take on" ni kuajiri. "Take over" ni kushika madaraka. "Take after" ni kufanana na mzazi.

"Sasa chukua imekwenda wapi?" aliuliza Dobi Mkuu.

"Imekufa. Usiitafute."

"Haiwezekani, wifi. Neno haliwezi kubadilika hivyo kwa kuongezewa kipande nyuma."

"Haliwezi?" Mwalimu alivua miwani yake. "Sema funga."

"Funga."

"Fungua. Fungia. Fungana. Fungamana. Ni kitu kimoja?"

Dobi Mkuu akafungua kalamu.

"Vitenzi vyao vina mikia kama vyetu," Mwalimu alisema. "Tofauti ni kwamba sisi mkia tumeushonea mwilini. Wao wanauacha unaning'inia, mtu akapita akaukanyaga. Haya niambie, kazini unafanya nini na pasi?"

"Napiga pasi."

"Imekukosea nini?"

"Wifi."

"Unapiga deki, unapiga simu, unapiga mswaki, unapiga magoti. Mgeni akikusikia atadhani nyumba hii ina ugomvi tangu alfajiri. Hukufundishwa na mtu hayo, uliyasikia mpaka yakakaa. Na haya utayasikia mpaka yakae. Andika."

Akaandika. Aliandika Jumamosi hiyo na nyingine zilizofuata, na jioni za siku za kazi kabla chakula hakijaiva, akisinzia na kuzinduka. Aliandika kwenye daftari na, daftari likiwa mbali, kwenye vipande vya karatasi alivyovibandika pembeni mwa mashine za kufulia. "Put off", kuahirisha. "Put on", kuvaa. "Put out", kuzima moto. "Put up with", kuvumilia. Hilo la mwisho lilikuwa na mikia miwili, akaliona kuwa ni uonevu.

"Toa mfano," alisema Mwalimu.

Dobi Mkuu alifikiri kwa muda mrefu. Akasema kwa Kiingereza chake kilichokwenda kwa magongo, kwamba yeye anamvumilia wifi yake.

Mwalimu akamtazama. "Sarufi ni sahihi," alisema. "Na mimi nakuvumilia wewe. Endelea."

Kazini wenzake wawili walimfuatilia kwa macho. Wa kwanza ni Mama Pacha, aliyesimama mbele ya roli la pasi miaka kumi na tisa, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na uso ulioivishwa na joto. Wa pili ni msichana wa meza ya kukunjia, waliyemwita Kimya kwa sababu siku nzima alikuwa akisema maneno kama sita hivi, matatu yakiwa ni shikamoo, ndiyo na kwaheri.

"Shoga," Mama Pacha alimwambia siku moja, akitazama kipande kilichobandikwa kwenye mashine ya nne, "sasa hata mashine unaifundisha Kiingereza?"

"Namfundisha anayeipakia."

"Kichwa changu kimejaa. Mimi nina lugha moja na mabinti wawili, inanitosha. Wewe jifunze, utuambie."

"Nitawaambia," alisema Dobi Mkuu. Alilisema kama mtu anavyosema kesho.

Mtihani ulifanyika ofisini, dakika kumi na tano. Karani alikwishaondoka. Meneja alimuuliza mambo ya kazi, naye akajibu kwa sentensi fupi fupi, jasho likimtiririka mgongoni. Meneja akamuuliza sabuni ikiisha atafanya nini, akitumia "run out", na Dobi Mkuu, aliyekutana na neno hilo Jumatatu tu, nusura aseme sabuni haina miguu ya kukimbilia nje. Akalikumbuka. Akajibu. Meneja akatabasamu, akaandika kitu, akampa mkono.

Jioni Mwalimu alitaka kusikia kila swali na kila jibu. Aliposikia yote alisema, "Siyo mbaya," kisha akageukia ukutani, na Dobi Mkuu akaona mabega yake yamelegea kama ya mtu aliyetua mzigo. Yeye mwenyewe hakusikia furaha aliyoitarajia. Alilala na viatu.

Tangu hapo meneja alikuwa na mdomo mpya, nao ulikuwa wa Dobi Mkuu. Alimwita kueleza ratiba, kumjibu dereva, kuwaeleza watu wa hotelini habari za taulo zilizopotea. Kazi zake za zamani hazikupungua hata moja. Miguu ilianza kuvimba saa tatu badala ya saa nne.

Kisha ikaja Jumatano ile. Meneja alimwita kabla ya zamu kwisha, akampa karatasi moja yenye mhuri. Alionekana hajalala. Akamwambia aipitie pamoja na watu wake. Alisema "go over", na Dobi Mkuu akalielewa papo hapo, akajisikia vizuri kidogo kwamba amelielewa. Zamu ya mchana, meneja alisema, msimamizi wake atapewa ya kwake.

Wakakusanyika kando ya meza ya kukunjia, Mama Pacha, Kimya na yeye. Mashine zilikuwa zimezimwa. Dobi Mkuu akavaa miwani, akaanza kusoma na kutafsiri mstari kwa mstari, kidole kikitangulia.

"Kampuni inasema... kazi za hapa zitapunguzwa kidogo kidogo mpaka zisimame." Hilo alilipata bila taabu. "Wind down", Mwalimu alilifundisha kwa mfano wa saa ya ukutani inayoishiwa ufunguo.

"Zisimame vipi?" aliuliza Mama Pacha.

"Subiri nifike. Inasema, tunasikitika kwamba itabidi tuwa... tuwaachilie hawa wafuatao, kuanzia leo."

"Kutuachilia?" Mama Pacha alicheka. "Kwani tulikuwa tumefungwa?"

Hata Kimya alitabasamu. Dobi Mkuu naye alitaka kucheka. Neno lilikuwa "let go", na Mwalimu alimfundisha kwa mfano wa kamba, shika kamba, achilia kamba. Lilikuwa neno la upole. Kidole chake kikashuka kwenye mstari uliofuata, kikakuta jina la Mama Pacha, na chini yake la Kimya, na ndipo alipoelewa, mbele yao, mdomo ukiwa bado wazi. Kamba ni wao.

"Wanawafukuza," alisema.

Maji yalikuwa yakidondoka mahali fulani kwenye sakafu.

"Si umesema kuachilia?" alisema Mama Pacha polepole.

"Ndivyo wanavyoliandika. Maana yake ni hiyo."

"Soma vizuri."

Akasoma tena. Ilikuwa ile ile. Stahili zao za mwezi zingefika kwa njia ya kawaida, kesho wasije. Kisha akakuta sentensi iliyosema wanaotaka wanaweza "put in for a place" katika kiwanda kikuu kabla ya Ijumaa jioni. Aliitazama, ikamtazama. "Put" ni weka. "In" ni ndani. "Place" ni mahali. Kichwa kilikuwa kinavuma. "Inasema mnaweza kuweka ndani... nadhani ni sare na mabuti. Yawekwe mahali, kule kiwanda kikuu, kabla ya Ijumaa."

"Mpaka mabuti yenyewe wanayataka," alisema Mama Pacha.

Mstari wa mwisho ulikuwa na jina moja tu, la kwake, na maneno "kept on". Aliyajua. Yalikuwa kwenye ukurasa wa sita wa daftari, "keep on", kumbakiza mtu kazini. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Basi hayo ndiyo yaliyomo," alisema.

Kimya alivua aproni yake, akaikunja pembe kwa pembe, akaiweka juu ya rundo la foronya. Akamsogelea Dobi Mkuu, akasema kwaheri, akatoka. Mama Pacha alibaki ameegemea roli lake, lililokuwa linapoa.

Nyumbani Dobi Mkuu hakupeleka beseni. Alikaa kwenye kigoda cha chumba cha nyuma na karatasi magotini. Mwalimu akanyoosha mkono, akaichukua, akaisoma bila kusogeza midomo.

"Umewaambia nini hapa?" aliuliza, kidole kwenye ile sentensi.

"Warudishe sare."

Mwalimu alifumba macho. "'Put in for' ni kuomba, wifi. Kupeleka maombi. Nafasi zipo kiwanda kikuu, mtu akiomba kabla ya Ijumaa."

"Hukunifundisha hilo."

"Sikukufundisha."

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Dobi Mkuu alihisi uchovu umeanzia kwenye nyayo, umepanda, umefika mahali ambapo hakujua kama mtu huwa anachoka hapo.

"Kesho nitawatafuta," alisema.

"Leo pumzika."

"Wifi, mbona umenifundisha vizuri hivi mpaka nikaenda kuwavunjia watu nyumba?"

Mwalimu alisogea ukingoni mwa kitanda. Alisema tu, "Lete miguu yako huku." Na kwa mara ya kwanza katika miaka minne ndiye yeye aliyekanda, akiinama kutoka kitandani kwa taabu, vidole vyake vya chaki vikibonyeza vifundo vilivyovimba.

Alhamisi zamu ilikuwa ya mtu mmoja. Alifua, akakausha, akakunja peke yake, na saa nane mchana akaenda kwa Kimya. Msichana alikuwa akiishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya fundi cherehani. Alimkuta anafua nguo zake uani. Akamweleza yote, kosa lake na maana yenyewe, bila kujitetea.

Kimya alikamua blauzi, akaitundika. "Barua iandikwe Kiingereza?"

"Ndiyo. Mwalimu atakuandikia, nimeshamwomba."

"Asiniandikie." Kimya alijipangusa mikono. "Anionyeshe, niandike mimi. Wakiniita kuniuliza nitajibuje?"

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumsikia akiyasema kwa mpigo. Wakakubaliana aje jioni hiyo hiyo.

Kwa Mama Pacha alikaribishwa kiti, hakukaribishwa zaidi ya hapo. Mabinti pacha, wasichana wakubwa sasa, walimwamkia wakatoka. Dobi Mkuu akaeleza kwa mara ya pili.

"Kwa hiyo nilikosea, shoga. Kiingereza kilinishinda. Nafasi ipo, tuandike barua kesho asubuhi."

Mama Pacha alikuwa anamtazama kama anavyotazama shuka lenye doa, akitafuta lilipoanzia. "Dereva alipita hapa jana jioni," alisema. "Amesema wewe umebakizwa. Amesema imeandikwa mle mle."

"Imeandikwa."

"La sare ulikosea, nakubali. Na hilo la jina lako, nalo lilikushinda?"

Dobi Mkuu aliangalia mikono yake. "Hapana. Nililielewa."

"Ukaliruka."

"Nililiruka."

"Kwa nini?"

Alitafuta sababu njiani kote na alikuwa nazo kadhaa, kwamba hakutaka kuwaumiza, kwamba alishtuka, kwamba lingesomwa siku nyingine. Alipofungua kinywa zote zilikauka. "Niliona aibu," alisema.

"Ungelisoma," alisema Mama Pacha. Sauti yake haikupanda. "Ningekasirika, ningekutukana, kisha ningefurahi kwamba walau mmoja amebaki. Sasa umeninyima hata hiyo."

Ijumaa asubuhi, kabla ya zamu, Dobi Mkuu alipita tena na barua aliyoiandika mwenyewe usiku uliopita kwa jina la Mama Pacha. Ilikuwa na mistari minane, na Mwalimu alisahihisha miwili tu. Ilibaki kutiwa sahihi tu. Mama Pacha aliipokea mlangoni, akaitazama muda mrefu ingawa hakuweza kuisoma. Kisha akaikunja mara mbili, kingo zikalingana kama shuka la hoteli, akairudisha.

"Umeandika vizuri, naona. Lakini nimesimama mbele ya roli lile miaka kumi na tisa, na kule kiwanda kikuu najua nitapewa roli jingine. Jana nilikaa kitini mpaka jua likahama ukutani. Sijawahi kuliona likihama." Akatikisa kichwa. "Sikatai kwa hasira. Hasira ninayo, lakini ni ya kitu kingine. Nenda kazini, utachelewa."

Barua ya Kimya ilifika kwa wakati. Aliiandika mara tano mezani kwa Mwalimu, na ile ya tano ilikuwa na makosa mawili ambayo Mwalimu aliyaacha makusudi, akisema barua isiyo na kosa hata moja huwa inaulizwa nani ameiandika. Baada ya wiki mbili aliitwa, akahojiwa, akapata nafasi kwenye ghala la nguo safi.

Kiwanda cha nyuma ya barabara ya malori kiliendelea kufifia. Mashine mbili ziling'olewa na kupakiwa kwenye lori, kisha nyingine mbili. Meneja alizidi kukonda. Siku moja alimwambia Dobi Mkuu, kwa sentensi alizozifanya fupi ili zifike, kwamba naye mkataba wake unaishia pale zitakapoishia mashine, na hajui anakwenda wapi. Dobi Mkuu akamwambia pole kwa Kiswahili, kwa sababu alitafuta neno la Kiingereza lenye uzito ule ule akakuta hajafundishwa. Meneja alilielewa.

Dobi Mkuu mwenyewe aliahidiwa kuhamishiwa kiwanda kikuu mwisho wa kila kitu. Aliiomba ahadi hiyo kwa maandishi, akaisoma mara tatu, akaipeleka kwa wifi yake ikasomwa mara ya nne.

Mama Pacha alianza kupiga pasi nguo za watu nyumbani kwake, akiwa amekaa kitini, pasi mezani. Walipokutana njiani walisalimiana. Salamu ilikuwa fupi, lakini haikukosekana, na mwezi wa tatu tangu siku ile Mama Pacha alimuuliza habari za Mwalimu.

Jumamosi Kimya aliendelea kuja. Ghala lilikuwa na fomu nyingi, na kila fomu ilikuwa na mikia yake. Mwalimu alikuwa ameshushwa kitandani, amewekewa kiti chenye mto karibu na dirisha, na sasa alikuwa na wanafunzi wawili, jambo lililomfanya achane nywele mapema. Mchana mmoja alikuwa anawafundisha "get by", kujikimu, kupita hivyo hivyo na kidogo ulichonacho, akamwomba Dobi Mkuu atoe mfano. Hakujibiwa. Dobi Mkuu alikuwa amelala kwenye kigoda, kichwa kimeegemea ukuta, miwani imeteleza mpaka kwenye kidevu, kalamu bado i mkononi.

Kimya alinyanyuka kumwamsha.

"Mwache," alisema Mwalimu. "Mvue miwani tu, asije akaivunja. Haya, wewe nipe mfano. Kwa sauti ndogo."

Kimya akavuta kigoda chake karibu na kiti cha Mwalimu, akafikiri, akaanza kusema kwa Kiingereza, neno moja baada ya jingine, sauti ya chini.